Mkaa Usio na Moshi

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri. Naikumbuka siku ile kwa saa yake, mwanangu, kwa sababu saa ya ukutani ya marehemu baba mkwe wangu ilikuwa mbele ya macho yangu pale ukumbini, nami nilikuwa nikiitazama nijue kama wakati wa kubadilisha mkaa umefika. Ulikuwa umefika. Mchana nilibadilisha mkaa mimi kila baada ya saa tatu, usiku akaubadilisha mama mkwe, na tulikuwa tumefanya hivyo siku tano bila kukosa hata mara moja. Mimi ni mtu wa taratibu tangu ujana. Hata ujinga wangu niliufanya kwa taratibu.

Nyuma ya ukuta ule alikuwa amelala mke wangu Mwanaidi, mzazi wa siku ya tano. Alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, nyumbani kwa mama yake kama ilivyo ada, katika kijiji kimoja kusini mwa Bagamoyo, kwenye njia ya kwendea Mapinga. Mtoto hakuwa na jina bado. Tulingoja siku ya saba. Masika yalikuwa yamekolea, na mvua ile ya kuchosha, isiyokuwa kubwa wala isiyokatika, ilinyesha kutwa.

Desturi yetu unaijua, ingawa siku hizi wengi wameipunguza. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na chini ya kitanda chake cha kamba huwekwa seredani, lile jiko la bati la mkaa, ili joto limpande mgongoni. Mlango hufungwa upepo usimwingie. Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Waliotuwekea waliishi katika nyumba ambazo hewa ilipita juu ya kuta, kati ya udongo na makuti, mtu atake asitake. Walifunga mlango, lakini nyumba yenyewe haikufungika.

Mimi niliifunga.

Chumba kile kilikuwa na dari ya boriti iliyokandikwa udongo. Baba mkwe aliijenga ili makuti yakishika moto, vitu vya ndani visalimike. Kati ya dari na ukuta palikuwa na mwanya wa kama vidole vitatu, kuzunguka chumba kizima. Siku aliyojifungua Mwanaidi nilikanda udongo, nikapanda juu ya kinu, nikauziba mwanya wote. Kidirisha nikakitia gunia, kisha juu ya gunia nikapaka udongo. Chini ya mlango nikakunja jamvi kuukuu. Nilipomaliza, mama mkwe wangu Bi Tatu alizunguka chumba akipapasa kuta kwa kiganja, akatafuta mwanya asiuone.

“Mkwe wangu ana mikono ya fundi,” akawaambia majirani waliokuja kumwona mtoto. “Humu hata mbu ataingia kwa hodi.”

Nilifurahi. Ufundi ule sikuupata pengine bali kwenye kazi yangu, na hapa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaliona kosa langu.

Nilikuwa mchoma mkaa. Nilifunzwa na Mzee Pazi, mtu mfupi, mwenye kope zilizoungua mara nyingi hata zikaacha kuota. Tanuri la mkaa ni magogo yaliyopangwa, yakafunikwa kwa majani, kisha kwa udongo, pakaachwa matundu machache. Ukisha kulitia moto, kazi yako ni kuusoma moshi. Moshi mweupe, mzito, ni maji ya mti yanayotoka. Ukigeuka kuwa mwembamba, wa rangi ya samawati, magogo yameiva. Hapo unaziba matundu yote, na unangoja siku kadhaa mpaka tanuri lipoe. Ukichelewa kuziba, unakuta majivu. Ukiwahi, unakuta visinga vilivyoungua nusu, na vitamtoa mnunuzi machozi.

Mwaka wangu wa kwanza nililifungua tanuri moja kabla ya siku yake. Mkaa ulikuwa mweusi, kimya, na juu juu uligusika kwa mkono. Nikautandaza nikaenda kunywa maji. Niliporudi ulikuwa unawaka wote, kazi ya majuma mawili inateketea mchana kweupe.

“Ulidhani umekufa?” akaniuliza Mzee Pazi. Hakupaza sauti. “Ulikuwa umebanwa pua tu. Wewe ndiye uliyeupa pumzi.”

Nilidhani somo lile ni la tanuri peke yake. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi maana niliambiwa, lakini sikuichukua kwenda nayo nyumbani.

Mkaa wangu niliuuza Bagamoyo mjini, nyumba kwa nyumba, nikausukuma kwenye baiskeli, gunia mbele na gunia nyuma. Nilijivuna kwamba hauna moshi, na kweli haukuwa nao. Kina mama walinizoea kwa maneno yangu: “Mkaa wa Salumu, mama, hauna moshi wala harufu! Uweke hata ndani ya chandarua, utalala kama uko kwa mamako.” Nao walicheka wakanunua. Wahenga wamesema pafukapo moshi pana moto. Mimi niliupindua usemi huo nikaufanya: pasipo moshi hapana madhara. Wahenga hawakusema hivyo. Ukipindua methali, mwanangu, dhamana ya maneno ni yako, si yao tena.

Sasa turudi kwenye siku tano zile.

Siku ya tatu Mwanaidi alisema kichwa kinamgonga. Bi Tatu akasema ni upepo umemwingia. Tukaongeza mkaa. Siku ya nne kichwa kikazidi, akatapika uji, akasema miguu yake haina nguvu. Upepo umekaza, tukasema. Tukaongeza mkaa tena, nami nikapaka udongo mahali palipoanza kupasuka. Mtoto naye alilala sana, hata kunyonya akawa mvivu, na wageni wakamsifu: mtoto mpole huyu, hajui kulia. Kuna msemo kwamba dawa ya moto ni moto. Sisi tuliufuata kama cheti cha daktari, na kila tulipoongeza dawa, ugonjwa uliongezeka, na kila ugonjwa ulipoongezeka, tuliongeza dawa. Nimeyafikiri sana mambo haya. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa mzembe. Tungekuwa wazembe, chumba kingepitisha hewa.

Basi, saa tisa na robo nilijaza seredani mkaa uliokwisha kukolea, mwekundu, juu yake pakicheza vimuali vidogo vya buluu, nikamkabidhi Bi Tatu mlangoni, kwa kuwa mwanamume haingii kwa mzazi. Mtoto tangu saa nane alikuwa ukumbini kwa bibi yake, amekwisha kuoshwa, amelazwa juu ya kanga. Bi Tatu akaingia na seredani. Nikamsikia akisema, “Mwanaidi, amka mwanangu, sogea.” Kisha, “Mwanaidi.” Kisha akaita mara ya tatu, na sauti ile haikuwa ya kumwamsha mtu.

Akatoka ameshika kichwa. “Wamemchukua! Anakoroma, macho nusu, hanisikii! Salumu, lete ubani. Lete ubani na udi, wewe, usisimame! Huyu ni shetani wa uzazi, alimchukua na yule mzazi wa mjini mwaka jana.”

Nilikimbilia kikasha cha ubani. Nakwambia ukweli wangu wote: nilikikimbilia. Nilikuwa tayari kuingiza moshi wa ubani juu ya mkaa ule na kuufunga mlango nyuma yake, na kama mgeni yule asingebisha hodi, ningemzika mke wangu kesho yake na kuamini mpaka leo kwamba nilifanya kila niliwezalo.

“Hodi wenyewe! Hodi nyumba ya heri!”

Alikuwa Mzee Pazi, ananyeshewa, kuku kwapani, amekuja kumpa mzazi hongera. Hakupata kumaliza salamu. Akaniona na ubani mkononi, akamwona Bi Tatu anajipiga mapaja.

“Kuna nini?”

“Shetani, Mzee, mke wangu...”

“Chumbani mna moto?”

“Mna mkaa. Hauna moshi, Mzee, ni ule mkaa wetu...”

Akamwachia kuku akaruka. Akaukaribia mlango, akausukuma kidogo, akaliona jamvi lililokunjwa chini. Akainua macho akauona udongo mbichi uliozunguka dari. Kisha akanitazama mimi, na sijatazamwa vile tena tangu siku ile.

“Umemjengea mkeo tanuri,” akasema.

Mwanangu, kuna maneno yasiyohitaji kufafanuliwa. Niliona matundu yote niliyoyaziba kwa vidole vyangu miaka minne porini, na niliona mwanya wa vidole vitatu, na kiganja cha Bi Tatu kikipapasa ukuta. Yalikuwa kitu kimoja.

“Vuta pumzi hapa nje, uifungie,” Mzee Pazi akaniambia. “Ingia, mbebe, toka. Usizungumze humo. Mimi nakwenda dirishani.”

Bi Tatu akasimama mlangoni na mikono ameitanua. “Mwanamume haingii kwa mzazi! Na nje mnampeleka wapi, mvua hii? Upepo utamwua!”

“Bi Tatu,” akasema Mzee Pazi, naye amekwisha kuokota mchi wa kutwangia, “upepo ndio anaoulilia. Mwiko nitautubia mimi, dhambi iwe yangu. Mpishe, dada yangu, ama tutakuja kuomba sanda.”

Akanipisha. Kwa nini alinipisha sijui hata leo. Labda ni lile neno dada.

Niliingia. Koroboi ilikuwa inawaka mezani, mwali wake umesimama vizuri. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu, ila ya mafuta ya nazi na ya uzazi. Palikuwa na joto jema la kupendeza, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa, kwamba chumba kile kilikuwa kizuri. Nilimwinua Mwanaidi na shuka zake, kichwa kikaning’inia begani mwangu kama cha mtoto aliyelala safarini. Nyuma yangu nikasikia mchi ukiupiga udongo wa dirisha, mara ya kwanza, mara ya pili, na mwanga ukaingia.

Tukamlaza barazani juu ya mkeka, kwa ubavu, mahali pasiponyesha lakini penye hewa. Mzee Pazi akaitoa seredani akaiweka uani katikati ya mvua, ikalia chwaaa. Akamwambia Bi Tatu amsugue miguu na mikono, asimpe maji wala kitu chochote kinywani mpaka ajijue. Mimi akaniambia nihesabu pumzi zake kwa sauti. Nadhani alinipa kazi hiyo ili nisipige kelele. Nikahesabu. Nilipofika mia tatu na kitu, Mwanaidi akafumbua macho, akatapika, akasema, “Nani ananigonga kichwa?”

Bi Tatu akalia sana. Kisha, machozi yangali yanamtoka, akamgeukia Mzee Pazi: “Na huyo kuku wako yuko juu ya paa la jirani. Hongera gani hiyo ya kukimbizwa?” Nasi tukacheka, tukacheka vibaya, kama watu walioteleza shimoni wakashika mzizi.

Mtoto tulimchunguza mpaka jioni. Alinyonya. Alilia kwa mara ya kwanza kwa siku mbili, kilio kikubwa cha hasira, wala hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla hajaondoka Mzee Pazi alinikalisha pembeni. Akanieleza habari ambayo miaka yote ya kazi hakuwahi kunieleza. Alikuwa na mdogo wake, nao walichoma mkaa pamoja walipokuwa vijana. Usiku mmoja wa mvua mdogo wake aliingiza makaa ndani ya kibanda chao cha majani, akatundika ngozi na mikeka pande zote baridi isipite. Yeye mwenyewe alilala nje chini ya turubai akilinda tanuri. Asubuhi alimkuta mdogo wake amelala na uso wa amani, wala hakuwa na jeraha wala alama. Watu wakasema jini la msituni.

“Nami nikakubali,” akasema. “Mpaka nilipobomoa kibanda nikaona tulivyokiziba. Nikajua. Lakini sikusema, kwa kuwa mikeka miwili niliitundika mimi.”

Akaitazama seredani kule uani, imejaa maji ya mvua.

“Nilikufunza kuziba, Salumu. Sikukufunza kwamba kinachotoka kwenye moto uliobanwa kinaua. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kwamba ulijua moto unavuta pumzi, ukamfungia mtu chumba kimoja na moto, ukadhani watagawana sawa. Moto hauna adabu ya sahani moja. Ukiwa na njaa, unakula na wa mwenzio, na unachokirudisha ni sumu. Na wewe unazunguka mjini unawaambia watu wauweke ndani ya chandarua.”

Hakuniambia niende nikayafute maneno yale. Alichukua fimbo yake akaondoka bila kuku.

Mwanaidi alipona, lakini si kwa siku moja. Kichwa kilimwuma mwezi mzima. Kwa miezi alisahau vitu vidogo: alitia chumvi mara mbili, aliingia chumbani akasimama asijue alichofuata. Kila aliposimama hivyo nilitoka nje.

Sikuridhika na kuelezwa tu, nilitaka kujua. Chuo cha Kurani nilikuwa nimekimaliza, kusoma herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe ukubwani, na mmoja wa wateja wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Nilimpelekea gunia la mkaa, nikamwomba badala ya fedha anieleze moto ni nini. Alinipa mshumaa na gilasi. Nikaufunika mshumaa kwa gilasi ndogo, ukazimika nilipohesabu hadi kumi na tano. Nikaufunika kwa chupa pana ya achari, nikafika arobaini na mbili. Nta ilikuwepo, utambi ulikuwepo. Kilichokwisha ni hewa. Akanifundisha kwamba moto hausimami ila juu ya mambo matatu: kitu cha kuungua, joto la kutosha, na hewa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, tunasema, nasi husahau kwamba kati ya kinga na kinga ni lazima pawe na nafasi hewa ipite. Ondoa moja kati ya matatu, moto unakufa. Lakini punguza tu hewa bila kuiondoa, na hapo moto haufi. Moto huungua nusunusu.

Akanionyesha jambo jingine. Alipuliza mshumaa, na kabla moshi wake mweupe haujatawanyika akaugusa moshi ule kwa njiti ya kibiriti, juu kidogo ya utambi. Mwali ukashuka kwenye moshi ukauwasha mshumaa tena. “Unaona?” akasema. “Mwali si nta inayowaka. Ni mvuke wake. Kuni nazo ni hivyo hivyo.” Nikaelewa mkaa ni nini: ni kuni ambazo mvuke wake umekwisha kutolewa tanurini. Ndiyo maana hauna moshi. Si kwamba ni safi. Ni kwamba kilichokuwa kikikuonya kimeondoka. Vile vimuali vya buluu nilivyoviona juu ya seredani, nikaambiwa, ni sumu yenyewe ikiungua inapokutana na hewa ya kutosha. Hewa ikipungua haiungui; inatoka hivyo hivyo, haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Mtu akiivuta, inakaa kwenye kiti cha hewa ndani ya damu yake na kukataa kuinuka.

Nikamwuliza lililonisumbua zaidi. “Mwalimu, koroboi ilikuwa inawaka. Kama hewa ya chumbani ilikuwa mbaya, mbona taa haikuzimika?”

“Taa haina damu,” akajibu. Sumu hiyo kidogo tu inamtosha binadamu, na taa itaendelea kuwaka juu ya maiti. Kwa hiyo usinijie na hoja ya taa, mwanangu. Nimekwisha kuitoa mimi, na nilitaka sana iwe kweli.

Sasa yule mzazi wa mjini, aliyetajwa na Bi Tatu. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mkaa alinunua kwangu. Mkewe alifariki siku ya tisa, ndani ya chumba kilichofungwa, mwaka mmoja kabla ya mambo haya. Nilikaa na hilo majuma mawili. Palikuwa na njia ya kunyamaza, na ilikuwa pana. Kisha nikaenda. Nilimkuta barazani kwake anashona kanzu. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote: tanuri, chumba, chandarua. Sikuweza kumwambia kwa hakika kwamba ndicho kilichomwua mkewe. Sikuwepo, na uzazi una vifo vingi. Nilimwambia nilichokijua tu.

Hakunitazama. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

“Mkaa uliniuzia wewe,” akasema. “Mlango niliufunga mimi.” Akageuza kitambaa. “Nenda kwa wengine.”

Nikaenda kwa wengine. Nilizunguka nyumba zote nilizowahi kuuza, na sikuwa na daftari, bali nilizikumbuka kwa milango. Kila mahali nilisema yale yale: mkaa wangu haufai chumba kilichofungwa, ukiuwasha ndani, acha dirisha wazi na nafasi juu ya mlango, mzazi apate joto lake kwa jiko lililokolea nje, likaingizwa kidogo kisha likatolewa, au kwa maji ya moto, asilale nalo. Mmoja alinishukuru, akatoa gunia dirishani mbele yangu. Mmoja alinicheka: “Mchuuzi gani huyu anayetukana bidhaa yake?” Wengi waliitikia kwa heshima, na baada ya hapo wakanunua kwa mwingine, kwa kuwa habari ilienea kwamba mkaa wa Salumu una jini.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi ili isikupotee. Usiupime moto kwa moshi wake. Usidhani umekufa kwa kuwa hauna mwali, wala kwamba ni rafiki kwa kuwa hauna harufu. Moto ni mlaji wa hewa. Popote unapoulaza, uachie hewa yake na wewe yako. Mkiwa wawili chumbani na vichwa vinauma pamoja, msitafute mchawi. Fungueni dirisha, mtoke nje, kisha ndipo muulizane. Desturi ya wazee ishike, lakini kabla hujaiongezea ufundi wako, jiulize nyumba yao ilikuwaje. Na ukigundua kwamba uliwafundisha watu uongo kwa kutojua, rudi mlango kwa mlango, kwa miguu yako, ukaufute. Usiseme watajua wenyewe. Aliyekufa hajui.

Mola akujaalie nyumba yenye joto na yenye hewa, wazazi wa kwako watoke arobaini wakiwa hai, na ulimi wako uwe mwepesi wa kukiri kuliko wa kujivuna. Nami nimshukuru kwamba mwezi ule wa kuzunguka, nilipojumlisha wateja walionikimbia na magunia yaliyonirudia, hasara yangu yote ilikuwa fedha tu, shilingi kumi na moja na senti thelathini.